Kumshusha Bwana Harusi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na saa nne na robo mdogo wangu alikuwa chini kwenye tope, mkono umevunjika.

Nianze vizuri. Nimeswali adhuhuri, nimekaa stoo ya matandiko, na daftari hili nimelitoa kwenye kabati la dawa za farasi. Kurasa mbili tu zilikuwa zimeandikwa, zilizobaki nazichukua mimi. Mume wangu yuko kwa Mola. Wifi yangu ukimwambia jambo saa mbili, saa tatu linakurudia limevaa nguo nyingine. Basi nitaliambia daftari.

Bwana Harusi ni farasi. Aliitwa hivyo kwa mwendo wake, anatembea kama mtu anayejua anatazamwa. Ana miaka tisa, rangi ya tofali, na tangu akiwa na miaka miwili ni mimi ninayemlisha, kumsugua na kumfagilia banda. Hapa watu huleta watoto wao kujifunza kupanda farasi. Mdogo wangu ndiye mwalimu wao, na mimi ni Shangazi wa wote, wenye miguu miwili na wenye minne.

Tangu mwezi wa kumi na mbili Bwana Harusi ameshika tabia ya kusimama. Mtu akiwa mgongoni, miguu ya mbele inaondoka ardhini na yeye anasimama wima kwa ile ya nyuma, kama anayechungulia nyumba ya jirani. Mara ya kwanza tulicheka. Leo alisimama, mdogo wangu akavuta hatamu ili asidondoke, na uzito wa mtu ukamvuta farasi kinyumenyume. Walianguka wote wawili. Mungu alimsogeza mdogo wangu pembeni kidogo, ndiyo maana naandika habari ya mkono na si ya jeneza.

Nilikimbia kama ninavyokimbia siku zote. Nikamshika Bwana Harusi, nikamlegezea mkanda wa tumbo, nikampa karoti, nikamrudisha bandani huku nikimbembeleza. Mdogo wangu anasema nilimruka yeye kwanza. Sikumbuki hivyo.

Bosi, mwenye mahali hapa, alisema mbele ya wote, "Farasi wa namna hii ataua mtoto wa mtu. Masomo yamefungwa mpaka mvua iishe. Uwanja ukikauka na bado anasimama, namwita mtu wa lori."

Mtu wa lori hununua farasi wasiotakiwa. Sijawahi kuona hata mmoja akirudi.

Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu amefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Bosi anamleta mtu wa kurekebisha farasi. Nimeomba dua awe mtu mwema.

Jumamosi, 9 Machi

Amekuja. Wifi kamtazama mara moja tu, akampa jina Mkimya. Ni mwembamba, umri wangu au chini kidogo, na hana fimbo. Mtu anayerekebisha farasi bila fimbo, huo ubaya wake anauficha wapi?

Alimzunguka Bwana Harusi nusu saa bila kusema neno. Akambonyeza mgongo kidole kwa kidole. Akalipindua tandiko na kulipapasa chini. Halafu akaanza maswali, na yote kwangu.

"Alianza lini?"

"Mwezi wa kumi na mbili."

"Akisimama, mpandaji hufanya nini?"

"Hushuka. Ungekuwa wewe ungebaki juu?"

"Na nani humshika?"

"Mimi."

Akaandika kwenye kijitabu chake. Akisha akakifunga upesi, kama nilikuwa natoa shingo kusoma. Nilikuwa natoa, lakini yeye hakujua.

Jumatatu, 11 Machi

Wifi anasema mtu asiye na maneno ana lake jambo. Nikamwambia tusimdhanie mtu vibaya, ni dhambi. Akasema, "Mimi simdhanii, wifi. Mimi namwangalia tu." Nami naona nimeanza kumwangalia.

Jumanne, 12 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hakuna kazi.

Alhamisi, 14 Machi

Mkimya alimpanda kwa mara ya kwanza. Farasi alikwenda hatua kumi, akasimama wima. Mkimya hakuvuta. Aliinama mbele, akaikumbatia shingo, hatamu zikalegea, mpaka miguu ikarudi chini. Akashuka. Nikakimbia nikamchukua Bwana Harusi, mtoto wangu.

Nilipomvua lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, nikamfuta povu, kitambaa kilikuwa na damu. Damu kidogo, kama ya mtu aliyejikata akinyoa, lakini ni damu.

Nikampelekea wifi aone. "Kiweke," akasema. "Hiyo ndiyo kazi ya wasio na fimbo."

Nimekiweka.

Ijumaa, 15 Machi

Nimekwenda kwa Bosi na kitambaa. Akamwita Mkimya palepale. Nilitaka ardhi inimeze, sikudhani angemwita mbele yangu.

Mkimya akakitazama kitambaa, akanitazama mimi. "Vizuri umekitunza," akasema. "Bosi, siku ya kwanza nilikuomba daktari wa mifugo amtazame mdomo. Ukasema barabara ina tope."

Daktari kaja alasiri, mama mmoja mwenye buti mpaka magotini. Akampiga Bwana Harusi sindano ya kumtuliza, akamulika tochi. Mbele ya magego kulikuwa na kijino kidogo, punje ya mahindi ni kubwa kuliko hicho, na lijamu ilikuwa ikigonga hapo kila hatamu ikivutwa. Akaking'oa. "Wewe ungesimama pia," akaniambia.

Miezi mitatu mtoto wangu anaumwa jino na mimi ninayempangusa mdomo kila siku sikujua. Nimeona haya. Lakini pia najiuliza, Mkimya kama alilihisi hilo jino tangu siku ya kwanza, kwa nini alimpanda jana?

Jumatano, 20 Machi

Daktari kasema siku kumi na nane bila kitu mdomoni. Mvua, mvua, mvua. Paa la banda la farasi majike linavuja.

Jumatano, 3 Aprili

Wameanza tena, bila lijamu na bila mtu mgongoni. Mkimya anasimama katikati na kamba ndefu, Bwana Harusi anamzunguka. Kila akisita, Mkimya anamgeuza kichwa upande kidogo mpaka mguu wa nyuma upige hatua ya pembeni, halafu anamwambia, "Nenda." Nikamuuliza mdogo wangu maana yake. Akasema farasi ili asimame lazima kwanza agande, asimike miguu yote miwili ya nyuma kama nguzo. Ukimfanya aendelee kutembea, nguzo hazipati nafasi.

"Kumbe unamkubali huyu mtu," nikasema.

"Dada, mkono wangu umevunjika, si akili."

Jumatatu, 8 Aprili

Kidonda kimepona, daktari mwenyewe kathibitisha. Leo Mkimya alimtia lijamu laini, akapanda. Raundi mbili safi. Nikasogea kwenye ua wa mbao nikimshukuru Mungu kwa sauti, na papo hapo Bwana Harusi akaganda, akasimama wima.

Jino halipo. Tandiko ni zima. Maumivu hana. Basi amefanywa nini?

Jumanne, 9 Aprili

Amesimama tena. Nimempa karoti mbili, masikini.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkimya alinifuata leo kwenye bomba la maji, akavua kofia.

"Shangazi, kuanzia kesho nikifanya kazi naye usije uwanjani. Wala kwenye ua wa mbao. Mimi nitamtoa bandani, mimi nitamrudisha."

"Kwa nini?"

"Nataka kuona kitu."

"Kitu gani ambacho mimi nisikione?"

Akavaa kofia. "Sijui bado. Nikijua nitakuambia."

Miaka saba na farasi yule. Mtu wa mwezi mmoja ananifungia lango. Nikiswali leo nilisahau niko rakaa ya ngapi.

Jumanne, 16 Aprili

Eti siku nne hajasimama hata mara moja. Hivyo ndivyo alivyomwambia Bosi, na Bosi kafurahi. Nani kaona? Mdogo wangu yuko kliniki kutwa kuangaliwa plasta. Bosi hatoki ofisini kwa sababu ya tope. Shahidi ni yeye na farasi.

Nimenusa ndoo ya maji ya Bwana Harusi. Nimechovya ulimi humo. Kuna dawa za kumlaza farasi mtu akamwona ametulia, nimesikia habari zake. Sikuonja kitu. Lakini dawa nyingine hazina ladha.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeona kwa macho yangu.

Nilizunguka nyuma ya stoo ya nyasi, kuna ubao umeachia. Haukutosha, nikaona kichwa cha Mkimya tu kikipita. Basi nikatoka, nikasogea uani polepole, nimeshika ndoo kama mtu mwenye safari zake. Bwana Harusi alikuwa anatembea vizuri. Akanyanyua masikio. Akaganda. Akasimama wima mbele ya macho yangu, mara mbili.

Siku nne hajasimama, hivyo? Mwongo.

Na si hilo tu. Saa nane lori lilikuwa langoni. Mkimya ametoka kwenda kwa yule mtu, wamesemezana, wamecheka, wakapeana mikono. Kwa nini mtu wa lori aje kabla ya uwanja kukauka, na kwa nini azungumze na huyu? Ndipo mambo yote yakakaa mahali pake. Anamharibu farasi ili auzwe kwa bei ya kutupa, kisha wagawane.

Nikaenda kwa Bosi. Nilisema yote, la ubao na la lori. Bosi akakuna ndevu. "Mama, mimi nakujua wewe, yeye simjui. Jumamosi nitamwachisha."

"Na Bwana Harusi?"

"Kama huyu hawezi, nani ataweza? Lori litakuja wiki ijayo."

Sikuwa nimefikiria mpaka hapo. Nilidhani nikimwondoa mtu mbaya, farasi anabaki.

Ijumaa, 19 Aprili

Naandika kila kitu, hata kinachoniaibisha.

Asubuhi Mkimya alikuja bandani. Mdogo wangu alikuwa pamoja naye, na plasta yake. Mkimya hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Shangazi, njoo uwanjani leo. Nimeshajua."

Alimpanda Bwana Harusi. Akaniambia nikae ndani ya stoo, mlango umefungwa, mdogo wangu awe ndiye mtazamaji. Nikakaa humo nikihesabu raundi kwa vishindo vya kwato. Kumi na mbili. Mdogo wangu akafungua mlango. "Hajasimama, Dada. Wallahi."

Kisha Mkimya akasema, "Nenda kasimame pale kwenye nguzo ya kushoto."

Nikaenda. Bwana Harusi alikuja akizunguka, akaniona, masikio mbele, akaganda. Akasimama wima palepale nilipo. Mkimya akainama, akamshusha, akamgeuza kichwa upande, akamtembeza.

"Sasa nenda langoni."

Nikaenda langoni, ndoo yangu mkononi. Bwana Harusi akapita ile nguzo ya kushoto kama haipo. Alipofika langoni akasimama.

"Ngoja," nikasema. "Labda ni ndoo."

"Weka ndoo chini."

Nikaweka. Nikaenda upande wa mabomba, mikono mitupu. Akasimama kwenye mabomba. Na safari hii nilimwona vizuri kwa sababu sikuwa nikikimbia. Hakuwa akitazama angani, wala hakuwa na hofu. Akiwa juu kule alikuwa ananitazama mimi, kwenye mfuko wa aproni ninamoweka karoti.

Mdogo wangu alianza kucheka, akajizuia.

Mkimya akashuka, akanijia taratibu. "Jino ndilo lililomfundisha kuanza," akasema. "Aliumwa, akasimama. Mwenye kumpanda akashuka, si kosa, ningeshuka na mimi. Wewe ukaja mbio, ukamlegeza mkanda, ukampa karoti, ukampeleka kulala. Kila mara. Yeye akaona hiyo ndiyo kengele ya kutoka shule. Jino limeondoka, kengele imebaki."

"Mimi nilikuwa namtuliza."

"Najua."

"Alikuwa anatetemeka."

"Mwanzoni, ndiyo."

Nikamuuliza la lori, kwa sababu lilikuwa bado linanikwaruza. Akasema mtu wa lori alikuja mapema kumkagua farasi, naye akamwambia Bwana Harusi ana kikohozi cha kuambukiza, arudi mwezi wa tano.

"Lakini hana kikohozi. Umesema uongo."

"Nimesema. Niombee."

Nimeomba, na maombi yangu mwenyewe yamekuwa marefu kuliko yake.

Jumamosi, 20 Aprili

Nilikuwa ofisini kabla Bosi hajafika. Nilimwambia nilichokisema Alhamisi ni dhana, si kitu nilichokijua, na kwamba anayemsimamisha Bwana Harusi ni mimi. Alinikodolea macho. Ikabidi twende uwanjani tukamwonyeshe, nguzo, lango, mabomba, mimi nikizungushwa kama farasi wa pili. Bosi akasema, "Miaka ishirini ya farasi, hili sijaliona." Mkimya amebaki. Ana mpaka uwanja ukauke.

Wifi kasikia. "Kwa hiyo mchawi ni wewe," akasema, akacheka mpaka akakaa chini. Nami nikacheka kidogo, nifanyeje.

Jumatano, 24 Aprili

Sasa ninafundishwa mimi. Nasimama ndani ya uwanja, mikono nyuma, aproni nimeivua. Akiganda, nampa mgongo. Akisimama, sigeuki. Mkimya anamshusha, anamtembeza raundi tatu, na ni baada ya hizo tu, akiwa amesimama kwa miguu yote minne, ndipo namwendea nimpe karoti moja. Leo amesimama mara saba. Mara ya saba nilikuwa nalia, mgongo wangu kwake.

"Ukilia usitikise mabega," Mkimya akasema kutoka juu. "Anaona."

Jumatatu, 29 Aprili

Mara mbili.

Alhamisi, 2 Mei

Hajasimama. Nilikuwepo.

Jumatatu, 6 Mei

Siku ya tatu hakuna mvua. Tope la uwanjani limeanza kupasuka pembeni. Kila asubuhi nalipima kwa kisigino, na kila asubuhi natamani mvua inyeshe tena.

Ile tabia yangu ya kuchungulia haijaisha, imegeuka tu. Zamani nilimchungulia Mkimya. Sasa najichungulia mimi. Jana jioni, Mkimya amekwishaondoka, Bwana Harusi aligonga mlango wa banda kwa kwato, na nilijikuta nimefika na karoti mkononi kabla sijaamua kwenda. Nikampa. Hakuna aliyeona. Nimeandika hapa ili pawe na aliyeona.

Jumamosi, 11 Mei

Leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Lori lilikuja saa tatu, likaegeshwa karibu na ofisi, mlango wa nyuma umeteremshwa tayari. Bosi aliweka kiti uani. Mdogo wangu, plasta imetolewa, ndiye aliyepanda, kwa sababu Bosi alisema hataki kuona Mkimya akiweza, anataka kuona wa kwake. Mimi niliambiwa nisimame katikati kabisa. "Watoto watakuwa wanakuja na wewe utakuwa unapita," Bosi akasema. "Sitaki farasi mzuri wa siku ambazo Shangazi anaumwa."

Raundi nne nzuri. Ya tano, mbele yangu, aliganda. Nilimwona mdogo wangu anakakamaa, mkono ule mbovu ukaanza kurudi nyuma.

"Mwachie," Mkimya akasema, si kwa sauti kubwa.

Miguu ya mbele ilikuwa imeshaacha ardhi, si sana, urefu wa ndoo. Bwana Harusi ananitazama. Nilimpa mgongo. Nyuma yangu sikusikia kitu, na sijui ni muda gani, nilisoma Fatiha nikaimaliza. Halafu nikasikia kwato, moja, mbili, tatu, zikiendelea mbele. Alizunguka mara sita tena na hakusimama wima hata mara moja.

Mtu wa lori alifunga mlango wa gari lake mwenyewe. Alimuuliza Mkimya, "Kile kikohozi kimepona?" Mkimya akasema, "Kwa maombi."

Jumapili, 12 Mei

Mkimya anaondoka kesho. Nilimfuata akifunga kamba zake.

"Nisamehe," nikasema. "Nilikusema kwa Bosi mara mbili."

"Alinieleza mara zote mbili. Ungekuwa na kosa kama ungenyamaza na ile damu. Bila kitambaa chako daktari asingeitwa."

"Na la lori?"

"Hilo lilikuwa kosa," akasema, na ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka na mimi.

Kisha Bosi alituita ofisini, mimi, Mkimya na mdogo wangu. Anataka kujua farasi huyu alindwe vipi. Akamuuliza Mkimya kama itarudi. Mkimya akasema farasi hasahau, ila huacha akiona hailipi. Siku moja ikilipa, ataanza upya, na juu yake atakuwa mtoto.

"Wewe Mama, utaweza?" Bosi akaniuliza. "Sema tu ndiyo, nitakuamini."

Najua angeniamini. Ameniamini hata nilipokosea. Mdogo wangu alinitazama, anajua mimi na Bwana Harusi tulivyo. Nikakumbuka ile jioni, karoti imeshafika mdomoni mwake na mimi bado najiambia siendi.

"Hapana," nikasema. "Mpe mdogo wangu amlishe. Mimi nipeni majike."

Mdogo wangu alitaka kunishika bega kwa ule mkono uliopona, nikamwambia aache, nisije nikazoea.

Jumanne, 14 Mei

Watoto sita wamerudi leo. Msichana mdogo kuliko wote ndiye aliyepewa Bwana Harusi. Banda la majike liko upande wa pili wa mabomba, na ukiwa kule uwanja hauonekani. Bwana Harusi aliita mara tatu asubuhi, sauti yake naijua. Nimefagia, nimetia maji, nimeziba paa linapovuja. Sikwenda.